Glavu za Vidole Vitatu

Wifi yangu Maree Pybus hajui kufunga mlango taratibu. Siku aliyorudi kutoka Hobart kwa daktari wa wapiga mbizi, aliubamiza mlango wangu wa jikoni mpaka sufuria zikagongana ukutani, akavuta kiti kwa mguu, akalaza mikono yake juu ya meza kama mteja anayerudisha samaki waliooza.

"Viangalie," akasema. "Hivi ndivyo eti vinanifukuza baharini."

Vidole vyake vilikuwa vyeupe kama mshumaa, kuanzia kiungo cha kati kwenda juu. Ncha ya kidole gumba na ya kidole cha shahada, mkono wa kulia, zilikuwa na vidonda vidogo vyenye kingo za kijivu. Vilikuwa pale tangu mwisho wa kiangazi na havikuonyesha nia ya kupona. Nilikishika kile cha shahada nikakiminya. Halafu nikakiminya kwa ukucha.

"Minya basi," akasema. "Unangoja nini?"

"Nimeshaminya, wifi."

Akauondoa mkono haraka, akauficha chini ya meza, akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyemwibia hivyo vidole.

Daktari Roos alikuwa amemweleza mambo bila kuzunguka. Baridi ya miaka mingi imeichosha mishipa ya vidole. Haijafa, ila iko njiani. Maree atafute glavu zitakazoiweka mikono yake kwenye joto, afanye kazi nazo, kisha arudi mwisho wa Julai. Vidonda vikiwa vimefunga na vidole vimeanza kuhisi, ataendelea kuzamia. Visipofunga, basi, mbizi za kazi zimekwisha, na asije kumlilia.

"Mwisho wa Julai!" Maree akasema. "Anayajua maji ya Julai yalivyo? Yule ananawa kwa maji ya bomba la moto!"

Maree alizaliwa hapa hapa Nubeena, kwenye rasi hii ya kusini mwa kisiwa cha Tasmania, na alianza kuzamia na baba yake, Merv, kabla hajamaliza shule. Kuna wanaosema kwamba hajawahi kupenda kitu kingine. Aliwahi kuolewa na dereva wa lori la magogo, na yule bwana alipoondoka alituambia kwamba kukaa na Maree ni kama kukaa na mbwa aliyefungwa mbali na maji. Hakuna aliyembishia.

Kazi yake ni nungu wa baharini: madude meusi ya duara, yenye miiba mirefu kama sindano za kufumia, yaliyoshuka kwetu na maji ya vuguvugu kutoka kaskazini na kuutafuna mwani mpaka miamba ikabaki vipara. Wapiga mbizi huwang'oa mwambani kwa kulabu, huwatia kwenye mfuko wa wavu, na kiwandani hupasuliwa na kutolewa mayai yanayoliwa. Wengine huifanya kazi hiyo kwa ajili ya riziki. Maree huifanya pia kwa chuki. Nimemsikia akiwatukana nungu hao mezani, mmoja mmoja, kama mtu anayewataja majirani wabaya.

Huzamia na mtungi wa hewa mgongoni na kamba nyembamba kiunoni. Upande wa pili wa kamba hiyo yuko kaka yake Garth, mume wangu, amekaa kwenye boti na kuishika kwa mikono mitupu. Garth aliacha kuzamia tangu ngoma ya sikio lake ilipopasuka, akawa mshika kamba, kwanza wa baba yake, kisha wa dada yake. Ukivuta mara moja maana yake niko salama. Ukivuta mara mbili, niongezee kamba. Ukivuta mfululizo, nitoe humu. Mshika kamba wa kwetu havai glavu, hata barafu ikiganda kwenye ukingo wa boti, kwa sababu kazi yake yote ni kuhisi.

Na mpiga mbizi naye ana desturi yake. Glavu mpya hukatwa ncha kabla hazijagusa maji: kidole gumba na cha shahada, mkono wa kulia. Merv alikuwa akisema kwamba chini ya mwamba hakuna macho, kuna vidole tu, na kidole kilichofunikwa ni kipofu. Anayevaa glavu nzima huulizwa gatini basi lake la watalii linaondoka saa ngapi. Na kwa kuwa glavu iliyokatwa inavuja, ipo desturi nyingine iliyozaliwa na hiyo ya kwanza. Kabla ya kujitosa, mpiga mbizi hunyoosha mikono yake kama anayeomba, na mshika kamba humfungulia kola za glavu na kumimina ndani maji ya moto ya chupa ya chai. Yanapita, yanatokea kwenye zile ncha, yanaishia sakafuni. Hubaki joto la dakika chache, nalo ni raha isiyosemeka. Kila mtu hupiga kelele yakiingia. Utazisikia kelele hizo gati nzima asubuhi za baridi.

Basi nikampeleka Maree Hobart kwenye duka la vifaa la Deb Targett, kwa sababu usukani ukiwa baridi vidole vyake havikuushika vizuri. Deb amewavisha watu wa pwani hii kwa muda mrefu na hasira za Maree anazijua kama anavyozijua rafu zake.

"Leo unataka nini?" akauliza.

"Nataka vidole. Unauza?"

"Vimeisha. Zimebaki glavu."

Deb alitandaza kaunta nzima. Zilikuwepo nyembamba za milimita tatu, ambazo Maree alisema ni soksi za mtoto. Zilikuwepo za milimita tano zenye kola ndefu. Zilikuwepo glavu kavu, zile za mpira mgumu zinazofungwa kwa pete kwenye mkono wa suti kavu, na ndani yake unavaa sufu, tone la maji lisiingie. Mwishoni kabisa, karibu na mashine ya hesabu, palikuwa na kitu kinene cheusi chenye sehemu tatu tu: kidole gumba peke yake, cha shahada peke yake, na vitatu vilivyobaki ndani ya chumba kimoja.

"Hicho kikae hapo hapo," Maree akasema. "Mimi si kaa."

Akachukua glavu kavu. Zilikuwa za ajabu. Siku ya kwanza alikaa chini mpaka mtungi ukakaribia kwisha, na alipopanda vidole vilikuwa na rangi ya binadamu. Siku ya pili mwiba wa nungu ulipenya kwenye kiganja, sindano tu, tobo ambalo usingeliona kwa macho. Sufu ikalowa, na maji yakapanda ndani ya mkono wa suti mpaka kwenye kiwiko. Alitoka majini mkono ukining'inia kama bomba, akizitukana glavu, nungu, Deb na aliyegundua mpira. Garth aliliziba tobo kwa gundi. Kesho yake yakawa matatu. Nungu hawatoboi mara moja, na huwezi kuwaomba wakupishe.

Tukarudi. Akachukua zile za milimita tano, vidole vitano. Miiba ilikwama ndani ya mpira kabla haijafika kwenye nyama, na hapo akafurahi. Lakini kabla mfuko wa kwanza haujajaa, vidole vilikuwa vyeupe tena, na kidonda cha kidole gumba kikapasuka upya. Juni ilikuwa inaishia.

Safari ya tatu hakubamiza mlango wa Deb. Hapo ndipo nilipoona kwamba anaogopa.

"Nilikuwekea zile za vyumba vitatu tangu mwanzo," Deb akasema. "Kidole kilicho peke yake kinapoa peke yake. Viweke pamoja vipashane joto."

"Na kifungo cha mkanda wa uzito nitakifungua kwa meno?"

"Kwa hizi hizi. Jaribu. Ukishindwa nitakuambia usinunue."

Deb akajaza ndoo maji na barafu, akatumbukiza humo mkanda wa vyuma vizito, ule unaomzamisha mpiga mbizi na anaouvua haraka akitaka kuibuka, wenye kifungo cha aina ile ile anayotumia Maree. Mpiga mbizi asiyeweza kukifungua kifungo hicho kwa mkono mmoja, gizani, akiwa amevaa glavu, hana haja ya glavu, ana haja ya sanduku la mbao. Maree akavaa yale makucha akaingiza mkono. Alishindwa. Akajaribu tena akashindwa tena, na akautukana mkanda kwa tusi lililomfanya mzee mmoja mteja aondoke kwenye rafu ya miwani. Akabadili. Badala ya kubana kwa ncha za vidole, akakikunja kidole cha shahada kama ndoano, akakipachika chini ya ulimi wa kifungo, akavuta kwa kiwiko. Kikafunguka. Akakifunga, akakifungua. Tulikaa pale mpaka Deb akageuza kibao cha mlangoni, na Maree bado alikuwa anafungua na kufunga, meno yameumana.

"Nipe," akasema. "Na atakayecheka nitamla."

Walicheka wote, bila shaka. Wa kwanza alikuwa mume wangu.

"Maz," Garth akasema alipomwona gatini, "umeoka nini leo? Naona umevaa za kutolea mikate."

"Nimeoka kichwa chako. Shika kamba."

"Subiri basi, lete nikukatie ncha." Alikwisha kuchomoa kisu.

"Ukigusa glavu hizi kwa kisu, Garth, nakuapia."

"Sasa chini ya mwamba utaona kwa kitu gani? Baba alikata. Mimi nilikata. Mwenyewe umekata miaka yote hii, leo umekuwa mtalii?"

"Baba!" Maree akamgeukia, na watu wa boti za jirani wakaacha walichokuwa wakifanya. "Baba alikufa hawezi kufunga vifungo vya shati lake mwenyewe! Nani alimfunga? Wewe? Mimi ndiye niliyemfunga, kila asubuhi, na kila asubuhi ananiambia ni uzee!"

"Ulikuwa uzee."

"Ilikuwa baridi, mjinga wewe! Alikuwa na miaka sitini na moja!"

Garth akakirudisha kisu kiunoni. Siku hiyo hawakuongea zaidi ya yale yanayosemwa kwa kamba.

Kazi ilienda polepole. Kulabu ilimponyoka mara kwa mara, mpaka akaitia kitanzi na kuifunga kwenye kifundo cha mkono. Nungu aliyejificha ndani ya ufa alimpita, kwa sababu kile kidole kinene hakikuingia, na kuachwa na nungu ni jambo ambalo Maree hakuwahi kulizoea. Mifuko aliyoleta ilikuwa michache kuliko ya boti zote, na gatini walikuwa wakimuuliza kama mkate umeiva. Alikuja kwangu jioni, akakaa karibu na jiko la kuni, akala pai ya kombe bila kuitazama, na kila kitu kilimuudhi: kuni zenye unyevu, matokeo ya mechi ya Jumamosi, namna ninavyokata vitunguu.

Lakini vidonda vilifunga. Kwanza cha shahada, kisha cha gumba. Jioni moja nilimpa chai, akakishika kikombe kwa mikono miwili kama alivyozoea, mara akakitua kwa kishindo, chai ikamwagika.

"Inaunguza!" akanifokea. "Unataka kuniua?"

Halafu akakigusa kikombe tena kwa ncha ya kidole, akaondoa, akagusa. Sikumsifu. Maree akisifiwa huharibika.

Yaliyofuata nayasimulia kama Maree na Garth walivyonisimulia wenyewe, kila mmoja kwa wakati wake. Kwa mengine yote hawapatani, ila kwa hili maelezo yao hayatofautiani.

Ilikuwa wiki ya mwisho kabla ya kurudi kwa daktari. Asubuhi hiyo jalidi, ule umande ulioganda, ilikuwa nyeupe gatini kama chumvi. Siku zote Maree aliondoka na glavu zake nyumbani, zikiwa kavu, zimelala karibu na jiko. Jana yake alikuwa amezisahau ndani ya boti, na sasa zilikuwa zimelowa na kukakamaa, ndani zina vipande vya barafu. Akazivaa hivyo hivyo, akajifunga mikanda ya kola. Baridi ikamshika mpaka kwenye meno. Akamnyooshea kaka yake mikono.

"Mimina," akasema.

Ndivyo alivyosema, mwenyewe, kwa kinywa chake. Miaka yote alikuwa amelisema neno hilo na mikono yake ilikuwa inajinyoosha yenyewe. Garth akafurahi, nadhani, kwa sababu tangu yale makucha yafike hakuwa ameombwa kitu. Akafungua chupa, akamimina kidogo kwenye kifuniko, akatia kidole.

"Vuguvugu," akasema. "Hii chupa imechoka." Akailegeza kola ya kulia akamimina, akaifunga.

Maree akapiga kelele. Garth akacheka, kwa maana ndivyo watu wanavyofanya maji yakiingia, akailegeza ya kushoto akamimina na humo.

Glavu za zamani zingeyatoa maji yale kwenye ncha kabla hujahesabu tano. Hizi hazikuwa na pa kuyatolea. Maree akajitupa ukingoni akatumbukiza mikono yote miwili baharini, na bahari haikuingia, kwa sababu Deb alikuwa amemuuzia glavu nzuri, na glavu nzuri haiingizi maji ya nje. Alikuwa akivuta mikanda kwa meno. Ndipo Garth alipofahamu kwamba kelele ile si ya raha. Akachomoa kisu, akazipasua kutoka kwenye kola mpaka kwenye vidole. Ngozi ya mgongo wa mkono wa kulia ilitoka pamoja na mpira.

"Usiniguse," Maree alimwambia. "Washa mashine. Usiniguse."

Daktari Roos alitusubiri Hobart. Niliendesha mimi. Maree alikaa mbele, mikono ndani ya vitambaa vilivyolowa, na Garth alikaa nyuma bila kualikwa na mtu. Barabara nzima Maree alisema jambo moja tu, kwamba kama angetaka kupikwa angejiunga na kamba-koche.

Daktari alivifungua vile vitambaa, akatazama, akavuta pumzi.

"Nani amekuunguza?"

"Nilijaliwa kaka," Maree akasema. "Haya, sema. Sema nimekwisha, niende nyumbani. Mwezi mzima nimevaa makucha, nimechekwa na kila mwenye boti, vidonda vimefunga, mwenyewe unaviona vimefunga, halafu siku chache kabla! Siku chache! Sema basi!"

Daktari alichukua kisindano kidogo, akamwambia Maree atazame ukutani, akaanza na vidole ambavyo havikuwa na malengelenge.

"Sasa?"

"Ndiyo."

"Sasa?"

"Ndiyo. Ndiyo. We mama, inatosha, nimesema ndiyo!"

"Na yale maji, uliyahisi lini?"

"Kabla hajaishusha chupa. Nilisikika mpaka kule ng'ambo ya ghuba."

"Mwanzoni mwa baridi usingeyahisi," Daktari Roos akasema. "Ungejitosa nayo ndani, ungekuja kujua jioni ukiona ngozi imebaki kwenye taulo. Hizi ni ngozi tu, zitaota. Zikiota, Septemba, rudi kwenye kazi yako. Kwa glavu kama hizo hizo, na ndani usimimine kitu."

Maree alikuwa ameshajaza kifua kwa ajili ya kugombana. Nilimwona akitafuta pa kuipeleka ile pumzi.

"Kitu kimoja," daktari akaendelea. "Hayakupimwa?"

"Yalipimwa. Huyu alitia kidole."

"Akasemaje?"

Maree akageuka polepole kumtazama kaka yake aliyesimama mlangoni na kofia yake.

"Alisema vuguvugu," akajibu.

"Mkono," daktari akamwambia Garth.

Garth akaitia mikono yake mifukoni. "Mimi si mgonjwa wako, daktari. Mimi ni dereva."

"Dereva nimekuwa mimi," nikasema.

"Toa mkono, Garth!" Maree akapiga kelele. "Utoe nje!"

Akautoa. Daktari akamgeuza uso kuelekea dirishani, akachoma kidole cha kwanza. Garth alikuwa anatazama maegesho ya magari, ametulia. Akachoma cha pili na cha tatu. Tone la damu likatokea kwenye kidole cha kati, likawa kubwa, likaanguka sakafuni, na mume wangu alikuwa bado anangoja kwa adabu daktari aanze.

Sijawahi kumsikia Maree kama nilivyomsikia hapo, na nimemsikia sana. Hakupiga kelele. Sauti yake ilishuka.

"Kamba yangu," akasema. "Unaishika kwa kitu gani?"

"Maz..."

"Ninavuta kutoka chini. Ninavuta, nasema niko salama, nasema niongezee, siku moja nitasema nitoe humu. Na wewe unaishika kwa kitu gani, Garth? Kwa kofia?"

"Naitazama," akasema. "Kamba ikitikisika naiona."

"Na mawimbi yakiitikisa?"

Garth aliitazama kofia yake.

"Tangu lini?"

"Sijui."

"Unajua."

"Tangu kabla baba hajafa," Garth akasema. "Sikutaka wamlete mtu mwingine kwenye boti."

Basi wifi yangu akamwambia mambo yake yote, pale mbele ya daktari. Kwamba alikuwa akishuka kila siku, mita kumi na tano, ishirini, amefungwa kwenye kamba isiyo na mtu. Kwamba angekuwa mwizi ingekuwa nafuu, mwizi huchukua mali. Kwamba alikuwa akijivuna gatini kuwa kaka yake ndiye mshika kamba bora wa rasi nzima, na watu walimwamini. Nami nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha wageni, nikikumbuka mara ngapi nimeona sigara ikimfikia mume wangu kwenye vidole naye haitupi, na nikadhani ni ukaidi. Nilikuwa na hasira ambayo sikuwa na pa kuianzia. Daktari alimwacha Maree amalize. Kisha akamwambia Garth asishike kamba ya mtu yeyote mpaka atakapomwona tena, na akamwambia afanye lile lile alilofanya dada yake: joto, majira mazima ya baridi, bila udanganyifu.

Tukatoka. Nilikuwa nimeshaelekeza gari njia ya nyumbani Maree aliponiambia, bila kugeuza kichwa, "Simama kwa Deb."

Deb aliona bandeji, akamwona Garth, akazima redio. Maree hakuweza kushika kitu, hata mlango nilimfungulia mimi, na jambo hilo lilimchoma kuliko maji. Alisimama katikati ya duka akaelekeza kwa kidevu.

"Zile. Mvalishe zile."

"Mshika kamba havai glavu," Garth akasema.

"Wewe si mshika kamba."

"Sasa kamba atashika nani?"

"Mkeo."

Mimi sikuulizwa.

Garth alinyoosha mkono kwenye rafu, akachagua za ngozi, nyembamba, za kuendeshea gari, ambazo mtu anaweza kupita nazo gatini bila kuambiwa lolote. Maree akazipiga kwa goti zikaanguka. Deb akaleta zile nene zenye vyumba vitatu, akamvuta Garth mkono, akamwingiza kidole kimoja kimoja kama anayemvisha mtoto. Ilichukua muda. Garth alikuwa amekuwa mwekundu mpaka masikioni.

"Zinabana," akasema.

"Zinabana wapi?" Deb akauliza.

Akafikiri. Akaugeuza mkono huku na huku, akautazama mbele na nyuma, akitafuta kwa macho ni kidole kipi. Hakukipata.

Maree aliugeuzia ukuta uso wake.

"Mpe saizi ya juu yake," akasema. "Na akisema inapwaya usimsikilize. Mwongo huyo."